Jemadari na Moto wa Atomi

Kila mkulima ajua ya kuwa moto uwashwao katika shamba moja si shauri la mwenye shamba peke yake, kwa maana upepo haujui mpaka. Ndivyo ulivyo moto wa atomi. Kwa sababu hiyo twaona yafaa kuwasimulia wasomaji wetu habari za mtu aliyejaribu kuyapatanisha mataifa juu ya moto huo, naye ni Dwight Eisenhower, jemadari na Rais wa Marekani.

Alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1890 katika mji wa Denison, jimbo la Texas, akalelewa Abilene, Kansas, katika nyumba ya watoto wengi na mali kidogo. Wazazi wake walikuwa watu wa kuisoma Biblia, na mama yake alichukia vita kabisa. Kijana alifanya kazi katika kiwanda cha siagi ili kaka yake apate karo ya masomo. Yeye mwenyewe alipotafuta elimu, aliipata bila malipo katika chuo cha jeshi cha West Point, alikoingia mwaka 1911. Mama alihuzunika, lakini hakumzuia. Basi mwana wa mama yule ndiye aliyekuja kuyaongoza majeshi yaliyovuka bahari hadi pwani ya Normandy tarehe 6 Juni 1944.

Mwaka uliofuata miji ya Hiroshima na Nagasaki iliteketezwa kwa mabomu ya atomi. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi hiyo ilichimbwa Shinkolobwe, huko Katanga, na watu ambao hawakuambiwa madini yale yaenda kufanya nini. Eisenhower aliposhika urais mwezi wa Januari 1953, Marekani ilikuwa imekwisha kujaribu silaha ya haidrojeni, iliyo kali kupita ile ya kwanza. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Warusi nao wakajaribu ya kwao. Jemadari akatambua ya kuwa siri haipo tena, na ya kuwa moto huu hauwezi kufungiwa katika nyumba moja.

Tarehe 8 Desemba 1953 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York, akatoa shauri lake. Alitaka serikali zenye urani zitoe sehemu ya akiba zao, ziiweke katika ghala moja chini ya chombo cha mataifa yote. Chombo hicho kiilinde, kisha kiigawe kwa kazi za umeme, kilimo na matibabu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: urani iliyowekwa ghalani haitatiwa katika bomu, na maadui wanaoweka akiba pamoja huanza kuzoeana.

Majadiliano yalichukua karibu miaka minne. Tarehe 29 Julai 1957 likazaliwa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomi, lenye makao yake Vienna, na mwaka huo huo Kiti Kitakatifu cha Roma kikawa mwanachama. Shirika lilipewa kazi ya kukagua, ili fueli iliyotolewa kwa amani isigeuzwe silaha.

Lakini ghala lenyewe halikujengwa kama alivyotaka. Serikali kubwa zilipenda kuwapa rafiki zao fueli mkono kwa mkono. Kwa njia hiyo mwaka 1959 tanuri la kwanza la atomi katika Afrika liliwashwa Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, katika chuo kikuu cha Kikatoliki cha Lovanium, kilichoongozwa na Monsinyori Luc Gillon. Lilikuwa la elimu, tena dogo. Hata hivyo katika miaka ya 1970 fimbo mbili za fueli ziliibwa humo. Moja ilikamatwa Italia mwaka 1998, na ya pili haikujulikana iliko. Nayo India mwaka 1974 ililipua bomu lake la kwanza, ikitumia tanuri lililotoka Kanada na maji mazito yaliyotoka Marekani, vyote vilivyotolewa kwa kazi za amani.

Hatumsifu mtu huyu kupita kiasi. Katika utawala wake silaha za atomi za Marekani ziliongezeka kutoka 1,000 hivi hadi zaidi ya 18,000. Tena aliwaza sana juu ya kuni za moto huu, lakini juu ya majivu yake aliwaza kidogo. Majivu hayo ni takataka za matanuri. Ndani yake mna plutoni, ambayo baada ya miaka 24,000 nusu yake ingali ipo. Hakuna serikali iliyoishi muda wa namna hiyo.

Eisenhower alifariki tarehe 28 Machi 1969, akazikwa Abilene. Waliobaki ndio waliolazimika kushughulikia majivu. Mwaka 1997 mataifa yalifanya mkataba juu ya fueli iliyokwisha kutumika na takataka zake, kila nchi ikikubali kutoa hesabu mbele ya wenzake. Ghana mwaka 2017, na Nigeria mwaka 2018, zilirudisha China fueli kali waliyopewa zamani, nao wakatumia iliyo hafifu isiyofaa kwa bomu. Na mwaka 2019, miaka 66 baada ya hotuba ile, tani 90 za urani hafifu ziliwekwa katika ghala la Shirika huko Kazakhstan, zipate kuuzwa kwa nchi itakayonyimwa fueli pasipo kosa lake.

Ghala hilo ni dogo kuliko lile aliloliwazia jemadari, na limechelewa. Hata hivyo limethibitisha ya kuwa shauri lake halikuwa ndoto. Sisi twaongeza neno moja tu: anayemgawia jirani moto, na waafikiane tangu siku ile ile ni nani atakayezoa majivu. La sivyo yatazolewa na watoto ambao hawakuota moto wake.