Rudolf Diesel: mtu ambaye jina lake limo kwenye kila kidumu cha mafuta

Ukipita Gerezani, pembeni mwa soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, jina lake halikauki midomoni mwa mafundi: pampu ya dizeli, nozeli ya dizeli, injini ya dizeli. Nanyi wasikilizaji wetu wa vijijini mnalitaja kila mashine ya kusaga inapoishiwa mafuta. Wengi tunadhani ni jina la mafuta tu, kumbe ni la mtu. Rudolf Diesel alikuwa mhandisi wa Kijerumani, aliyezaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858.

Baba yake alikuwa fundi wa ngozi. Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Wajerumani, na familia ikalazimika kukimbilia London. Maisha yakawa magumu, hivyo Rudolf, akiwa na miaka 12, akapelekwa Augsburg, Ujerumani, kulelewa na shangazi yake na mumewe aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Baadaye alisoma chuo cha ufundi cha Munich, chini ya Carl von Linde, bingwa wa mashine za kutengeneza barafu.

Huko darasani ndiko alikopata jambo lililomsumbua maisha yake yote. Injini za mvuke za wakati ule zilipoteza takribani sehemu tisa kati ya kumi za nguvu ya makaa ya mawe. Diesel alijiuliza kama hewa ikibanwa sana ndani ya silinda haitapata joto la kutosha kuwasha mafuta yenyewe, bila kiberiti wala plagi. Ukitaka kujua alichokuwa anawaza, shika pampu ya baiskeli baada ya kujaza upepo: chini huwa ya moto. Ndani ya injini ya dizeli, hewa hubanwa zaidi ya hapo, hadi joto lipite nyuzi 500.

Alipata hataza mwaka 1893, na kiwanda cha mashine cha Augsburg kikakubali kumsaidia. Jaribio la kwanza, tarehe 10 Agosti 1893, nusura limletee maafa. Mafuta yaliwaka kweli, lakini kifaa cha kupimia mgandamizo kilipasuka na vipande vikaruka. Februari 1894 injini ikazunguka yenyewe kwa dakika moja hivi. Dakika moja tu! Ilichukua miaka mingine mitatu ya kufungua na kufunga hadi Februari 1897, Profesa Moritz Schröter alipoipima na kukuta inageuza asilimia 26 ya nguvu ya mafuta kuwa kazi.

Kilichomchelewesha ndicho kinachowashughulisha mafundi wa leo: mafuta kiasi gani yaingie, yaingie saa ngapi, na kwa msukumo gani. Diesel aliyapuliza kwa hewa iliyobanwa, mtambo mzito usiofaa kwa gari. Mwaka 1927, miaka 14 baada ya kifo chake, kampuni ya Robert Bosch ilianza kuunda kwa wingi pampu ndogo ya kusukuma mafuta, na dizeli ikapanda kwenye malori. Mwaka 1995 lori la Hino la Japani likatoka na mfumo wa Denso ambao kompyuta ndiyo inayoamuru nozeli.

Ndiyo maana siku hizi fundi wa kuseti injini huchomeka laptopu badala ya kushika bisibisi. Kwenye gari lililoongezewa turbo kubwa, huweka hata kontroli boksi ya pembeni na kuandika upya jedwali la mafuta na taimingi. Hapa tuwe wakweli: kuongeza mafuta bila kuongeza hewa huleta moshi mweusi na joto linaloweza kuyeyusha pistoni. Gari litavuta vizuri wiki mbili, kisha mwenyewe atarudi Kariakoo kutafuta injini nyingine.

Tumrudie Diesel. Alitajirika haraka kwa kuuza haki za injini yake. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini moja ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba mafuta ya mimea yangeweza kuwafaa wakulima. Lakini kesi za hataza zilimchosha, afya ikayumba, na biashara alizowekeza zikamla fedha.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli Dresden kutoka Antwerp kwenda Uingereza. Alikula chakula cha usiku, akaomba aamshwe asubuhi, na hakuonekana tena. Kitanda chake hakikuwa kimelaliwa. Siku kadhaa baadaye mashua ya Waholanzi iliokota mwili baharini, na mwanawe akavitambua vitu vilivyokuwa mfukoni. Mkewe, Martha, alifungua begi aliloachiwa akakuta fedha taslimu na karatasi za benki zilizoonyesha akaunti karibu tupu. Wapo wanaosema aliuawa. Sisi tukiutazama mzigo wa madeni, tunaelekea kuamini alijirusha mwenyewe, ingawa hakuna aliyeshuhudia.

Mwaka huohuo, kiwanda cha Papenburg, Ujerumani, kilikuwa kinaunda meli ya mvuke kwa ajili ya Ziwa Tanganyika. Ndiyo MV Liemba yetu ya Kigoma. Katika miaka ya 1970 ilitolewa injini za mvuke, ikafungwa za dizeli.