Jay Miner

Jay Glenn Miner (31 Mei 1932 – 20 Juni 1994) alikuwa mhandisi wa elektroniki kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kusanifu chipu za michoro za kampuni ya Atari na kwa kuongoza kikundi kilichounda kompyuta ya Amiga. Wapenzi wa mashine hiyo humwita baba wa Amiga.

Maisha ya awali

Alizaliwa Prescott, jimbo la Arizona. Alijiunga na Walinzi wa Pwani wa Marekani, na huko ndiko alikofundishwa elektroniki. Baadaye alisoma Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akapata shahada mwaka 1958. Mwaka 1973 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Synertek, kampuni ya kutengeneza chipu.

Atari

Chipu yake ya kwanza kupata umaarufu ni TIA, iliyowekwa katika Atari 2600 mwaka 1977. Mashine hiyo ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 128 tu, ambazo hazitoshi kuhifadhi hata aya hii. Kwa kuwa picha nzima haikuwa na pa kukaa, TIA iliichora mstari kwa mstari kadiri televisheni ilivyokuwa ikiionyesha.

Kisha Miner akaongoza usanifu wa chipu za kompyuta za nyumbani Atari 400 na 800, zilizotoka mwaka 1979. Hapo ndipo wazo lake kubwa linapoonekana vizuri: prosesa kuu isibebeshwe kazi yote. Chipu ya ANTIC ilisoma picha kutoka kwenye kumbukumbu yenyewe, na CTIA ikaweka rangi na kusogeza vitu juu ya mandhari bila kuyachora upya.

Mchezo wa Star Raiders, uliotungwa na Doug Neubauer, ulitumia vema uwezo huo. Mchezaji huketi kama rubani, nyota zikimjia usoni, huku akiwasaka maadui waitwao Wazylon. Akizubaa, maadui hukizingira kituo chake na kukiharibu. Kwa hiyo kupiga risasi hakutoshi, lazima asome ramani. Nchini Tanzania michezo ya namna hii ilichelewa kufika, kwani mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta bila kibali.

Amiga

Miner alitaka kuunda kompyuta mpya yenye prosesa ya Motorola 68000. Wakuu wa Atari hawakukubali, naye akaondoka. Mwaka 1982 alijiunga na kampuni changa ya Hi-Toro, ambayo baadaye iliitwa Amiga. Fedha zilipopungua, ilinunuliwa na Commodore mwaka 1984, na kompyuta yenyewe ilizinduliwa New York tarehe 23 Julai 1985. Chipu zake tatu, Agnus, Denise na Paula, ziliendeleza wazo lilelile la kugawana kazi. Ndani ya kifuniko cha Amiga 1000 zimo saini za waundaji, pamoja na alama ya unyayo wa Mitchy, mbwa wa Miner aliyezoea kwenda naye kazini.

Ugonjwa na kifo

Kazi hii aliifanya huku akiugua figo. Kwa miaka mingi alitegemea mashine ya kusafisha damu, hadi dada yake alipompa figo moja. Mwishoni alifanya kazi katika kampuni ya vifaa vya kurekebisha mapigo ya moyo vinavyopandikizwa mwilini. Mwishoni mwa Aprili 1994 Commodore ilifilisika. Miner alifariki chini ya miezi miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 62.