Abu Zayd al-Balkhi: Alimu Aliyeikumbuka Nafsi

Hapa Nateete mwanafunzi akiacha masomo, akajifungia chumbani, hali wala halali, watu husema ama ana majini, ama imani yake imepungua. Akipelekwa Butabika, jina la mulalu humganda hata akishapona. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, alimu mmoja wa Kiislamu aliliona jambo hili kwa jicho jingine.

Abu Zayd Ahmad bin Sahl al-Balkhi alizaliwa mnamo mwaka 850 katika kijiji cha Shamistiyan, karibu na mji wa Balkh, kaskazini mwa Afghanistan ya leo. Baba yake alikuwa mwalimu wa watoto. Ujanani alisafiri hadi Iraq, akasoma huko miaka minane, kisha akarudi kwao kufundisha na kuandika. Wengi humtaja kwa elimu ya ramani.

Katika kitabu chake Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi, aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kutibu mwili na kuisahau nafsi. Alifundisha kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, na hakuna binadamu asiyeguswa. Akayachambua maradhi yake: hasira, hofu, huzuni na wasiwasi. Huzuni aliigawa mara mbili: yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa, na isiyo na sababu ijulikanayo. Hii ya pili aliona chanzo chake ni mwilini, kwa hiyo mwili nao utibiwe. Na mwenye wasiwasi alimwonya asikae peke yake, bali atafute watu wa kuzungumza naye.

Alifariki mwaka 934. Mwaka 2013 sehemu ya nafsi ya kitabu hicho ilitoka kwa Kiingereza, ikiwa imefasiriwa na mwanasaikolojia wa Sudan, Malik Badri.

Tazama basi kosa letu. Abu Zayd alisema upweke humzidishia mgonjwa maradhi, nasi tunampa upweke huohuo kwa kumcheka na kumkimbia. Qur'ani ni shifaa, na kumsomea mgonjwa ni jambo jema. Lakini mwenye kisukari tunamwombea dua na bado tunampeleka kwa daktari. Kwa nini mgonjwa wa nafsi tumnyime haki hiyo? Mwenzio akijifungia, mgongee mlango, kaa naye, umsindikize hospitali.

Allah amrehemu Abu Zayd, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.