Agis III

Agis III (alifariki takriban 331 KK) alikuwa mfalme wa Sparta, mji-dola wa Ugiriki ya Kale, kuanzia mwaka 338 KK. Anajulikana hasa kwa kuongoza uasi dhidi ya Masedonia wakati Aleksanda Mkuu alipokuwa akipigana na Waajemi huko Asia.

Asili

Sparta ilikuwa na wafalme wawili kwa wakati mmoja, kutoka koo mbili tofauti. Agis alikuwa mwana wa mfalme Archidamus III na mjukuu wa Agesilaus II. Alirithi ufalme baada ya baba yake kuuawa vitani nchini Italia. Mwaka huohuo Filipo II wa Masedonia aliwashinda Athens na Thebes huko Chaeronea, kisha akaunganisha karibu miji yote ya Wagiriki chini ya Shirikisho la Korintho. Sparta ilikataa kujiunga.

Maandalizi ya uasi

Mwaka 333 KK Agis alikwenda kwenye kisiwa cha Siphnos kuomba msaada wa makamanda wa Uajemi. Wakati huo ilifika habari kwamba mfalme wao Dario III ameshindwa huko Issus. Agis alipata talanta 30 za fedha na manowari 10 tu, akazituma kwa ndugu yake Agesilaus ili zitumike Krete. Baadaye alikusanya pia maelfu ya askari wa kukodiwa, Wagiriki walionusurika Issus.

Mapigano ya Megalopolis

Uasi ulipoanza, Agis alishinda jeshi la jemadari wa Kimasedonia Corragus. Elis pamoja na sehemu kubwa ya Akaya na Arkadia zikamuunga mkono, lakini Athens haikujiunga. Mji wa Megalopolis pia ulikataa. Mji huo ulianzishwa baada ya Sparta kushindwa huko Leuctra mwaka 371 KK, ili kuizuia isitawale tena majirani zake. Kwa wakazi wake, adui wa karibu alikuwa Sparta, si Masedonia. Agis aliuzingira.

Antipater, aliyetawala Masedonia kwa niaba ya Aleksanda, alikuja na askari wapatao 40,000, wengi wao Wagiriki wa miji iliyoshirikiana naye. Agis alikuwa na askari wa miguu 20,000 na wapanda farasi 2,000. Katika mapigano makali watu wake zaidi ya 5,000 waliuawa, na wa Antipater 3,500. Agis alijeruhiwa vibaya, akabebwa na askari wake. Walipokaribia kuzingirwa aliwaamuru wamwache wajiokoe, naye akapigana akiwa amepiga magoti hadi akauawa.

Matokeo

Sparta ililazimika kutoa mateka, na Waakaya na watu wa Elis walitozwa talanta 120 za kuilipa Megalopolis. Agis alirithiwa na ndugu yake Eudamidas I. Wagiriki hawakuasi tena hadi Aleksanda alipofariki mwaka 323 KK.