Serumaga: Msanii wa jukwaa aliyekabidhiwa Wizara ya Biashara

KABUGA, Kigali – Wafanyabiashara wa Kabuga walioona mpaka wa Gatuna ukifungwa tangu Februari 2019 hadi Januari 2022 hawahitaji kuelezwa hasara ya njia kukatika. Robert Serumaga wa Uganda aliishi katika hasara kubwa kuliko hiyo.

Alizaliwa mwaka 1939. Alisomea uchumi katika Chuo cha Trinity, Dublin, lakini aliporudi Kampala alijitosa kwenye maigizo. Aliunda kundi la Theatre Limited, na pia alipewa nafasi ya mwandishi katika Chuo Kikuu cha Makerere.

Michezo yake iliwaacha watazamaji roho mkononi. Katika A Play, mume anaandamwa na kifo cha mkewe, na ukumbi mzima hubaki ukijiuliza hatia ni ya nani. Katika Majangwa, mtu na mkewe, watumbuizaji wa mitaani, wako kando ya barabara usiku, na hofu ya maiti imetanda.

Hofu hiyo haikubaki jukwaani. Idi Amin alitwaa madaraka Januari 1971, na maneno yakawa hatari. Kundi la Serumaga la Abafumi likapunguza mazungumzo. Ngoma, miondoko na vilio vikabeba ujumbe. Mchezo wao wa Renga Moi ulivuka mipaka hadi Ulaya. Mwenzake, Byron Kawadwa, aliuawa mwaka 1977 baada ya kurejea kutoka tamasha la Lagos.

Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Sukari, sabuni na chumvi viliadimika Uganda, na magendo yakashamiri.

Serumaga alijiunga na wapinzani wa Amin walioko nje. Kampala ilipokombolewa Aprili 1979, Rais Yusuf Lule alimkabidhi Wizara ya Biashara. Mwanauchumi huyo alikuta maduka matupu na shilingi isiyo na thamani, lakini hakupata muda wa kurekebisha: serikali ya Lule iliondolewa baada ya siku 68.

Alifariki Nairobi mwaka 1980, akiwa na umri wa takriban miaka 41.

Jumuiya ilifufuliwa mwaka 2000, na Rwanda ikajiunga mwaka 2007. Anayetoka Kabuga kwenda Kampala kununua bidhaa bado atalikuta Jumba la Taifa la Maonyesho, lililofunguliwa mwaka 1959. Serumaga hakuishi kuiona njia hiyo ikifunguka tena.