Thomas Stevens (mwendesha baiskeli)

Thomas Stevens (Berkhamsted, Uingereza, 24 Desemba 1854 – 24 Januari 1935) alikuwa mwendesha baiskeli, msafiri na mwandishi wa habari. Anajulikana hasa kama mtu wa kwanza kuzunguka dunia kwa baiskeli, kati ya miaka 1884 na 1886. Katika historia ya Afrika ya Mashariki anatajwa kwa sababu nyingine: mwaka 1889 alitumwa na gazeti la New York World kumtafuta Henry Morton Stanley, ambaye wakati huo alikuwa akirudi pwani kwa njia ya misafara inayopita Nzega.

Maisha ya awali

Stevens alizaliwa katika mji mdogo wa Berkhamsted, kaskazini-magharibi ya London. Mwaka 1871 alihamia Marekani akiwa peke yake, na wazazi wake walimfuata baadaye. Alifanya kazi za mikono Wyoming na katika mgodi huko Colorado, na huko ndiko alikopata wazo la kuvuka Marekani kwa baiskeli. Hakuwa bingwa wa mashindano. Alijifunza kuendesha muda mfupi tu kabla ya safari.

Baiskeli yake

Mwaka 1884 alipata baiskeli aina ya Columbia Standard ya kampuni ya Pope. Vitabu kadhaa vinaitaja kampuni hiyo kuwa ya Chicago, lakini mwanzilishi wake Albert Pope alikuwa mfanyabiashara wa Boston, na baiskeli za Columbia zilitengenezwa Hartford, Connecticut, katika kiwanda kilichokuwa cha cherehani.

Ilikuwa baiskeli ya mtindo wa zamani: gurudumu kubwa sana mbele, dogo nyuma, na mwendeshaji akikaa juu karibu na usukani. Haikuwa na mnyororo. Pedeli zilifungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele. Gurudumu hilo lilikuwa na kipenyo cha inchi 50, yaani sentimita 127. Matairi yalikuwa ya mpira mgumu usio na upepo, na fremu ilikuwa hasa bomba moja la chuma lililopindwa kutoka kichwani hadi gurudumu la nyuma.

Mnunuzi wa baiskeli wa miaka ile alikuwa na uamuzi wa kufanya kuhusu sura ya nje ya chuma. Angeweza kuchukua baiskeli iliyopakwa rangi, au iliyopakwa nikeli sehemu fulani, au kwa bei ya juu zaidi iliyopakwa nikeli yote. Nikeli ilikuwa bado jambo jipya. Mmarekani Isaac Adams wa Boston alikuwa amepata hataza yake mwaka 1869 kwa njia ya kuipaka kwa umeme iliyofaa viwandani. Chuma husuguliwa hadi king'ae, husafishwa mafuta yote, kisha hutumbukizwa katika maji yenye chumvi ya nikeli na kupitishiwa umeme, mpaka tabaka jembamba la nikeli lishike juu yake. Kazi kubwa iko katika kusugua. Nikeli haifichi kitu: mkwaruzo au shimo lililoachwa kwenye chuma huonekana vilevile baada ya kupakwa, wakati rangi nzito huweza kufunika makosa ya fundi.

Mng'ao huo una udhaifu wake. Tabaka la nikeli huwa na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na unyevu ukipita humo kutu huanza chini na kuinua nikeli vipande vipande. Baiskeli ya namna hiyo hutaka kufutwa mara kwa mara na kupakwa mafuta kidogo. Rangi nayo huchubuka kwa mawe, lakini hupakwa tena popote, hata kijijini. Nikeli haiwezi kurudishwa bila kiwanda. Kwa upande mwingine, spoki na rimu husuguliwa na mchanga na matope kila siku, na juu ya sehemu kama hizo rangi haidumu.

Baiskeli ya Stevens ilikuwa ya kati: fremu nyeusi ya rangi ya kuchomwa kwenye tanuri, magurudumu ya nikeli. Kwa safari ya nyika na mvua hilo lilikuwa chaguo la busara kuliko kung'arisha chombo chote. Mpangilio huohuo, fremu nyeusi na sehemu za kuzunguka zinazong'aa, ndio uliobaki kwa baiskeli za kazi zilizoenea baadaye hadi Unyamwezi na Usukuma, zile zinazobeba mkaa, maji na magunia ya mpunga huko Nzega. Tofauti ni kwamba tangu miaka ya 1920 kromu, yenye weupe wa kibuluu, ilianza kuchukua nafasi ya nikeli, ambayo mng'ao wake huelekea unjano kidogo.

Kuzunguka dunia

Stevens aliondoka San Francisco tarehe 22 Aprili 1884. Alichukua soksi, shati la akiba, bastola na koti la mvua ambalo lilikuwa pia hema na tandiko lake. Alifika Boston tarehe 4 Agosti, baada ya maili 3,700 hivi (karibu kilomita 6,000). Sehemu kubwa ya njia aliisukuma baiskeli au kuibeba kando ya reli. Hakuna aliyewahi kuvuka Marekani hivyo kabla yake.

Mwaka uliofuata gazeti la Outing lilimfanya mwandishi wake. Aliondoka Liverpool mwezi Mei 1885, akapita Ulaya hadi Istanbul, kisha Anatolia na Uajemi. Kila alipofika, chombo kile kirefu chenye kumeremeta kilikusanya umati, na watu hawakumwacha alale mpaka apande wamwone. Shah Naser al-Din naye alitaka kumwona akiendesha. Baada ya kukaa Tehran majira ya baridi alijaribu kupita Afghanistan, akakamatwa na kurudishwa. Ilimbidi azunguke kwa meli hadi Karachi. Kutoka hapo alivuka Uhindi, sehemu ya China ambako nusura auawe na umati wenye hasira, na Japani. Alimaliza Yokohama tarehe 17 Desemba 1886. Alikadiria kuwa ameendesha maili 13,500, karibu kilomita 21,700. Kitabu chake cha juzuu mbili kilitoka 1887 na 1888.

Afrika ya Mashariki

Mwanzoni mwa 1889 dunia haikujua Stanley yuko wapi. Alikuwa ameingia kupitia Kongo kumwokoa Emin Pasha, na habari zake zilikuwa uvumi. Stanley mwenyewe alijipatia sifa mwaka 1871 kwa kumpata Livingstone huko Ujiji, baada ya kukaa Kwihara karibu na Tabora. Sasa magazeti ya New York yalitaka kumfanyia yeye kama alivyomfanyia Livingstone.

Stevens alifika Zanzibar bila baiskeli ya kusafiria. Barabara ya Bagamoyo hadi Tabora ilikuwa imefungwa na vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Akaajiri wapagazi, akaelekea kaskazini hadi Taveta na Kilimanjaro, akamtembelea Mangi Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara. Kumbe alikuwa upande usio wenyewe. Mwezi Septemba Stanley aliondoka kusini ya Ziwa Viktoria Nyanza, akapigana njiani huko Usukuma, akashuka hadi Usongo kwa Mtemi Mtinginya, katika nchi iliyokuwa baadaye wilaya ya Nzega. Usongo ilikuwa kituo cha Charles Stokes, Mwailandi aliyeacha umisionari na kuwa mfanyabiashara, aliyeoa katika ukoo wa Mtinginya. Kwa mtu aliyetafuta habari za ziwa, hapo palikuwa mahali pa kungojea kuliko Kilimanjaro.

Stevens alirudi pwani kwa wakati. Mwishoni mwa Novemba alikutana na msafara bara kidogo ya Bagamoyo, kwenye kinyang'anyiro na Edward Vizetelly wa New York Herald. Stanley na Emin waliingia Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Stevens alitoa kitabu cha safari hiyo mwaka 1890.

Miaka ya mwisho

Alivuka Urusi kwa farasi mwaka 1890, kisha akarudi Uingereza, akaoa na kuwa meneja wa biashara wa ukumbi wa Garrick mjini London. Alizikwa East Finchley. Baiskeli yake ilihifadhiwa na kampuni kwa miaka mingi, mpaka wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipotolewa kama chuma chakavu cha kuyeyushwa kwa ajili ya vita.