Mishumaa Iliyozimwa Mmoja Mmoja

Kila inapokaribia siku ya kufunga hesabu za mwaka, taa za baadhi ya ofisi huwaka hadi usiku wa manane. Likizo huahirishwa, majalada hurundikana, na kazi ikishakamilika sifa humwendea mkubwa. Waliokesha hupata salamu za jumla mkutanoni, nazo ni wakibahatika. Jambo hili hunong'onwa zaidi kuliko linavyosemwa, kwa hiyo leo tumeona tulitazame katika maisha ya mtu aliyefariki zaidi ya miaka 200 iliyopita: Joseph Haydn, mtungaji muziki wa Austria.

Haydn alizaliwa mwaka 1732 katika kijiji cha Rohrau, mtoto wa fundi magurudumu. Sauti yake nzuri ilimfikisha Vienna, akaimba katika kwaya ya kanisa kuu la Mtakatifu Stefano. Sauti ilipovunjika hakuhitajika tena, akaishi kwa kufundisha na kupiga muziki popote palipopatikana riziki. Mwaka 1761 aliajiriwa na ukoo wa Esterházy, makabaila wakubwa wa Hungaria. Mkataba wake ulimtaka avae sare kama watumishi wengine wa nyumba ile, na ahudhurie sebuleni kila siku, asubuhi na mchana, kuuliza kama bwana anataka muziki. Ulimtaka pia asiwakaripie wapigaji kwa ukali bali awe mpole kwao. Wengi hutia saini maneno ya namna hiyo na kuyasahau siku hiyo hiyo.

Yeye hakuyasahau. Mwaka huo huo wa 1761 alitunga simfoni tatu zilizopewa majina ya Asubuhi, Mchana na Jioni, na ndani yake akawagawia wapigaji wake nafasi za kusikika peke yao. Fidla ilipata yake, filimbi yake, na hata mpigaji wa besi, ambaye kwa desturi husimama nyuma asitambulike, alipewa zamu ya kuongoza. Sisi tuliozoea fidla za taarabu twaelewa furaha ya mpigaji anapoachiwa uwanja wenzake wakatulia. Haydn alikuwa mkubwa mpya mbele ya watu asiowazoea, naye alianza kwa kuonyesha hadharani kwamba kazi ilikuwa yao.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Kabaila Nikolaus Esterházy alipenda muziki kupita kiasi, na alitaka kila mara kitu kipya, hasa cha ala aliyoipiga mwenyewe iitwayo baritoni. Mwaka 1765 Haydn alipokea barua ya kumkaripia na kumwamuru atunge kwa bidii zaidi. Alitunga, hata vipande vya watu watatu kwa ajili ya ala hiyo vikazidi 120. Kwa hiyo naye alijua uchungu wa kuhimizwa na mtu asiyeona kilichokwisha kufanywa.

Kisha likaja jumba la Eszterháza, lililojengwa penye ardhi ya kinamasi, mbali na Eisenstadt walikokaa wapigaji wengi na jamaa zao. Kabaila alihamia huko majira ya joto pamoja na kundi lake lote. Mwanzoni mwa mwaka 1772 alitoa amri kwamba wapigaji wasije na wake wala watoto wao, isipokuwa wachache. Miongoni mwa waliosamehewa ni Haydn na kiongozi wa fidla, Luigi Tomasini. Mwaka ule bwana alichelewa kuondoka. Wiki zilipita, baridi ikakaribia, na watu waliohesabu siku za kurudi kwao wakaambiwa wangoje tena. Walimwendea Haydn.

Tunaomba wasomaji walipime jambo hili. Mkewe Haydn hakuzuiwa, na mshahara wake haukupungua. Angeweza kuwajibu kwamba amri imetoka juu, jibu ambalo halijapata kumgharimu mkubwa yeyote kitu. Badala yake aliandika simfoni, ile inayojulikana leo kwa jina la Kwaheri, na mwisho wake ukawa wa ajabu. Kama walivyosimulia walioandika maisha yake baada ya kuonana naye uzeeni, kila mpigaji alipomaliza sehemu yake alizima mshumaa wake, akachukua ala yake, akatoka. Ukumbi ukaendelea kuingia giza hadi zikabaki fidla mbili zikilia kwa sauti ya chini, nazo ni za Haydn na Tomasini, wale wawili ambao amri haikuwagusa. Bwana alielewa. Siku ya pili yake alitoa ruhusa ya kuondoka.

Yatupasa kusema kwamba Nikolaus hakuwa katili. Alilipa vizuri kwa zama zake, na alikuwa na masikio ya kusikia alichoambiwa. Lakini mtumishi mwenye sare aliyemkumbusha bwana wake mbele ya watu alijitia hatarini, na alifanya hivyo kwa ajili ya wengine. Shukrani ya namna hii ni nzito kuliko karamu ya kufungia mwaka. Wapigaji walimwita Baba, na yeye na mkewe walisimama kuwa wazazi wa ubatizo wa watoto wao wengi.

Baadaye kazi iliongezeka kwa michezo ya kuimba, hata katika mwaka 1786 peke yake maonyesho yakapita 100. Nikolaus alipofariki mwaka 1790, kundi lilivunjwa. Haydn alikwenda London mara mbili, akarudi tajiri na mashuhuri. Alifariki Vienna tarehe 31 Mei, 1809, mji ukiwa mikononi mwa majeshi ya Napoleon. Katika wasia wake alikumbuka watu wengi wadogo, miongoni mwao Johann Elssler, mtumishi wake, aliyekuwa akimnakilia nota zake kwa mkono.